Mhindi wa Kisumu ni wetu; Mchina anayeshuka Dunga leo je?

UKIMWULIZA kijana wa Kisumu kama mji wake unakaribisha wageni, atakujibu kabla hujamaliza swali. Atakuelekeza Dunga ukale samaki, atakwambia hakuna watu wakarimu kama watu wa ziwa, na mfuko ukiwa mzuri atakulipia hata tuktuk.

Sasa geuza swali kidogo. Mgeni ni Mwasia. Ametoka Gujarat, au Dhaka, au Guangzhou. Haji kupanda mashua, kumpiga kiboko picha pale Hippo Point na kurudi Nairobi kwa ndege ya jioni. Anatafuta keja ya kupanga, kazi, shule ya mtoto, na jirani wa kuomba chumvi usiku duka likiwa limefungwa. Huyo naye je? Hapo utaona mtu anakuna kichwa kwanza.

Kwangu mimi, Kisumu ni mahali pazuri pa kulijibu swali hili kuliko Nairobi. Nairobi ni kubwa mno. Mwasia anaweza kuishi Parklands miaka kumi bila kujua majina ya watu wa mtaa wa pili, na hakuna atakayeshangaa. Kisumu hujifichi. Barabara ya katikati ni moja, ziwa ni moja, na mkikosana asubuhi mtakutana jioni mkinunua samaki.

Wendo na jadak

Dholuo ina maneno mawili ambayo Kiswahili huyaweka yote chini ya neno "mgeni". La kwanza ni wendo. Huyu ndiye mgeni wa kuchinjiwa kuku. Anakuja, anakula, anasifiwa, anasindikizwa hadi barabarani. Kwa wendo, Kisumu haina mpinzani, na Dunga ndiyo sebule yake: ufuo wa wavuvi kama kilomita tano kusini mwa jiji, kando ya kinamasi cha mafunjo ambacho wapenda ndege husafiri kutoka mbali kuja kukiona. Kuna njia ya mbao ya kutembelea juu ya maji, kuna mashua, kuna akina mama wanaokaanga ngege na mbuta huku wanakutania.

Neno la pili ni jadak. Huyu ni mtu aliyepokewa kwenye ardhi isiyo ya babu yake. Anapewa mahali pa kujenga na kulima, watoto wake wanacheza na wa mwenyeji, anazika hata wazazi wake. Lakini hasahau, wala hasahauliwi, kwamba kuna wenye ardhi na kuna yeye. Siku mambo yakiwa mazuri hakuna anayelitaja. Siku yakiharibika, linatajwa asubuhi na mapema.

Basi, historia ya Waasia Kisumu ni historia ya kutoka wendo kwenda jadak, na kutoka jadak kwenda mahali ambapo bado hatujapapatia jina.

Walikuja na reli, lakini si wote

Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Waingereza walikuwa wameleta vibarua takriban 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na, ndiyo, simba wa Tsavo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki Afrika Mashariki hawakufika 7,000.

Hapa kuna kitu ambacho wengi wetu tulifundishwa vibaya shuleni. Mwenye duka unayemwona mjini si lazima awe mjukuu wa kibarua wa reli. Vibarua wengi walikuwa Wapunjabi. Wenye maduka wengi walitoka Gujarat na Kutch, wakavuka bahari kwa nauli yao wenyewe, wakaifuata reli wakifungua duka kila treni iliposimama. Tajiri Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alianzia pwani na kufungua matawi mpaka Kisumu na kuvuka Uganda. Hao dukawala waliuza chumvi, shuka na majembe, wakanunua ngozi, pamba na mahindi.

Je, walikaribishwa? Na nani? Wakoloni waliwataka kwa kazi lakini si kwa ujirani. Mwaka 1913 walimleta mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, naye akapendekeza miji ya Kenya, Kisumu ikiwemo, igawanywe kwa rangi, eti kwa sababu ya magonjwa. Mzungu juu kwenye upepo wa Milimani, Mhindi katikati na maduka yake, Mwafrika pembeni. Amri za aina hiyo zilifutwa zamani, lakini tembea Kisumu leo na macho wazi uniambie kama huoni alama za penseli ya yule profesa. Milimani bado ina miti na ua mrefu. Nyalenda, iliyo karibu tu na Milimani na ambayo unaipita ukienda Dunga, bado ina mabati na mitaro iliyoziba.

Nje ya mji mambo yalikuwa tofauti, na sehemu hii ndiyo naipenda zaidi. Kwa kuwa nyanda za juu zilikuwa zimetengewa Wazungu, Wahindi waliotaka kulima walielekezwa chini, kwenye joto na mbu wa Kibos na nyanda za Kano. Wapunjabi wakapanda miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani, cha kwanza nchini, kilianzishwa mwaka 1922. Kuishi shambani si kama kuishi juu ya duka. Shambani mnakopeshana ng'ombe wa kulimia, mnazozania mpaka, watoto wanaoga mto mmoja. Ndiyo maana hadi leo utamkuta Kalasinga wa Kibos akiongea Dholuo cha ndani kabisa, chenye matusi na methali, kuliko kijana Mjaluo aliyelelewa Buruburu. Mgeni Mwasia anayetaka kujua siri ya kukubalika hapa aanze na hao wakulima, si na matajiri wa mjini.

Duka, kura na moto

Hasira dhidi ya duka la Mhindi nayo ni ya zamani. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga aliunda shirika la Luo Thrift and Trading ili kuonyesha kwamba Mwafrika naye anaweza kuendesha biashara kubwa, kwa sababu karibu kila kitu madukani kilikuwa mikononi mwa Waasia. Leo barabara kuu ya maduka Kisumu, yenye majina mengi ya Kihindi juu ya milango, inaitwa Oginga Odinga. Na mmoja wa maswahiba wakubwa wa Jaramogi alikuwa Mwasia mwenye asili ya Goa, Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Watu wa kwetu hawajawahi kuwa na msimamo mmoja kuhusu Mhindi.

Baada ya uhuru likaja suala la karatasi. Waasia walipewa miaka miwili kuchagua uraia. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara zikawabana wasio raia, na Uingereza nayo ikafunga mlango mwaka 1968. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Kutoka Kisumu hadi mpaka wa Busia ni safari ya saa chache tu, kwa hiyo fikiria usingizi wa familia zilizokuwa hapa miezi ile. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia zaidi ya 176,000 Kenya nzima. Ya 2019, ukijumlisha raia na wasio raia, ilipata takriban 90,000, wakati nchi yenyewe imeongezeka mara tano.

Halafu ikaja Desemba 2007. Tarehe 27 Wakenya walipiga kura, na wapigakura wa Kisumu Town East wakamchagua Shakeel Shabbir, Mwasia aliyewahi kuwa meya wa Kisumu, mtu anayehutubia mikutano kwa Dholuo bila kigugumizi. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, na usiku ule ule mji ukawaka. Maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa, mengi yakiwa ya Waasia. Familia zilizozaliwa Kisumu zikakimbia zikiwa na nguo za mwilini tu.

Wiki moja, mji mmoja: umempa Mwasia kura, umemchomea Mwasia duka. Wako wanaosema hasira ilikuwa ya siasa na njaa, kwamba duka la Mhindi lilichomwa kwa sababu ni duka, si kwa sababu ni la Mhindi. Kuna ukweli hapo, kwani na maduka ya Waafrika yaliporwa. Lakini ukiwa wewe ndiye umesimama mbele ya majivu, hiyo tofauti haikusaidii sana. Wengi walirudi wakajenga upya. Shabbir naye amechaguliwa tena na tena, na mwaka 2017 na 2022 alisimama bila chama katika ngome ya ODM na bado akashinda. Hiyo si sifa ndogo. Wajaluo wenzake wengi wamejaribu hivyo wakafutwa kabisa.

Mnamo Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengine walifurahi, wengine walicheka: mtu aliye kizazi cha nne anahitaji gazeti rasmi limwambie yeye ni wa hapa?

Nani hana shags?

Kuna jambo ambalo naona halizungumzwi. Mjaluo anayeishi Kisumu, muulize nyumbani ni wapi. Atakutajia Ugenya, Alego, Karachuonyo, Yimbo. Nyumba ya mjini ni ot tu, hata kama ina orofa tatu. Nyumbani penyewe ni dala, palipo na makaburi. Kesi ya wakili S. M. Otieno iliifundisha nchi nzima somo hili: alifariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake wakabishana mahakamani karibu miezi mitano, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya, si Nairobi alikoishi.

Sasa mwangalie Mhindi wa Kisumu. Hana shags. Krismasi ikifika, matatu za Siaya na Homa Bay zinajaa, mji unabaki mtupu, na yeye yuko pale pale. Wafu wake wako mjini. Kwa kipimo cha Wajaluo wenyewe, huyo ndiye mtu wa Kisumu hasa, na sisi wengine ndio tumepanga.

Isipokuwa Dunga. Watu wa Dunga wako dala. Makaburi yao yako nyuma ya nyumba, na ardhi ni ya ukoo, ingawa inauzwa kipande kwa kipande kwa wenye hoteli na maghorofa. Pale Dunga, mtu wa Siaya, Mkikuyu, Mhindi na Mchina wote ni jodak. Ndiyo maana napenda kupima ukarimu wa Kisumu kwa kipimo cha Dunga.

Samaki ndiye hakimu

Na Dunga mambo huamuliwa na samaki. Viwanda vya kukata minofu ya mbuta vilipoibuka Kisumu kuanzia miaka ya 1980, vingi vya Waasia wa Kenya, minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na mwenyeji akabaki na mgongo wazi: mifupa, kichwa, na nyama kidogo iliyoshikilia. Akina mama wakaikaanga wakaiuza, na wengi wetu tulikula tukashiba. Ukiona mvuvi mzee anamkodolea macho Mwasia mwenye gari la barafu, kumbuka mgongo wazi.

Kisha akaja samaki wa China. Ngege wa barafu, wadogo, wa saizi moja kama wamechapishwa, wakaanza kuuzwa humu humu Kisumu, kando ya ziwa, kwa bei ya chini kuliko ngege wa Dunga. Mwaka 2018 hata Rais Uhuru Kenyatta alihoji hadharani kwa nini samaki hao wanaagizwa. Lawama ikamwangukia Mchina. Lakini haki itendeke: aliyewaagiza ni mfanyabiashara Mkenya, aliyewanunua ni sisi, na ziwa letu tumelichosha wenyewe kwa uchafu, nyavu za macho madogo na gugu maji. Isitoshe, upande mwingine wa biashara hauna kelele. Mabondo, kama jirani zetu wa Mwanza wanavyoyaita, yaani kile kibofu cha hewa cha mbuta, huishia China na Hong Kong kwa bei inayomfanya mvuvi atabasamu. Hapo hakuna anayemlaani mnunuzi.

Mchina anayefika leo anabeba mizigo ambayo si yake. Anabeba barabara zinazojengwa, deni la reli ya SGR, msimamizi fulani mkali wa mjengo. Anabeba yule mfanyabiashara aliyefukuzwa nchini Septemba 2018 baada ya video yake akiwaita Wakenya nyani kusambaa. Anabeba mwaka 2020, wakati uso wowote wa Kiasia barabarani uliitwa "Corona". Anabeba Juni 2019, Wachina saba wa Gikomba waliporudishwa kwao kwa kuuza mitumba, na Februari 2023, wafanyabiashara wa Nairobi walipoandamana kupinga China Square. Na kama kwao ni Korea, Vietnam au Ufilipino, mtu wa boda atamwita "Mchina!" vile vile, na pengine aongeze "Jackie Chan" na mkono wa karate.

Wengi wetu tunaona huo ni mchezo tu. Jaribu kuitwa hivyo mara thelathini kwa siku, ukienda kununua mkate. Mtu akizoea ataitikia, atacheka; lakini hakuna anayejenga urafiki na mtu asiyejua jina lake.

Na Mwasia naye ana zamu yake ya kuulizwa. Kufunga geti, kuajiri Waafrika kwa malipo duni na kuwapigia kelele mbele ya wateja, kuishi miaka ishirini bila kumla mtu harusi: hayo yapo, na kila familia ya Nyalenda ina dada au shangazi wa kusimulia. Mapenzi kati ya binti Mhindi na kijana Mwafrika bado yanakuwa habari ya gazeti. Mlango una bawaba pande zote.

Basi akae wapi?

Rafiki yako Mwasia akikuuliza, mwambie hivi. Mjini katikati, karibu na mahekalu, gurdwara na Msikiti wa Jamia, atapata jamii iliyo tayari, dengu na ushauri, na ataweza kukaa miaka bila kuhitaji Dholuo. Milimani ni salama na tulivu, watu wa mashirika wanapapenda, lakini kodi inauma na jirani utamjua kwa sauti ya mbwa wake. Migosi au Lolwe atapata majirani wa kweli, watoto uani, na maswali mengi.

Dunga yenyewe ni ngumu zaidi na, kwa mtu mwenye subira, nzuri zaidi. Asianze kwa kununua ploti. Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kibali cha mwekezaji kinadai aonyeshe angalau dola 100,000 za Marekani. Uraia wa kujiandikisha unataka awe ameishi nchini kihalali miaka saba mfululizo. Apange kwanza. Akitaka biashara ya samaki, aende kwa viongozi wa BMU, ile kamati ya ufuo inayojua kila mashua ni ya nani. Asimfuate mvuvi mmoja mmoja majini usiku na pesa mkononi. Ajifunze "oyawore" ya asubuhi na "oimore" ya jioni, aitamke vibaya, achekwe, arudie kesho. Amchague mama mmoja wa samaki awe mteja wake wa kudumu, na siku mama huyo akifiwa, aende matangani na mchango wake, akae kwenye kiti cha plastiki kama wengine mpaka chai ije. Siku hiyo jina lake litajulikana ufuoni kote.

Na kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, amwombe mwenye nyumba amwonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilipofura. Akionyeshwa ukutani, aangalie ni juu ya goti au chini yake.